Kipa Asiyeanguka

Makipa nilikuwa nawatazama kabla mechi haijaanza. Mechi ikishaanza kila mtu anajificha ndani ya kelele, hata mtazamaji. Lakini wakati wa kupasha misuli moto, wenzake wakiwa bado wanafunga kamba za njumu na kutafuta mtu wa kuwaazima soksi, kipa anasimama peke yake kati ya milingoti miwili, hana pa kujificha. Hapo ndipo nilipokuwa nakaza macho. Naangalia anaweka wapi miguu, anaushika mpira kwa vidole au kwa viganja, na anafanya nini akifungwa bao la mazoezi ambalo halihesabiwi na mtu.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya maghala ya Al Qusais, Dubai. Siku za kazi malori yaliegeshwa pale. Ijumaa alasiri yalihamishwa, watu wakachora mistari kwa chokaa na kusimamisha magoli yaliyochomelewa kwa mabomba ya jukwaa la ujenzi. Juu kulikuwa na mchanga mwepesi, chini yake changarawe iliyoshindiliwa na matairi mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Timu zilikwenda kwa kazi: timu ya ghala, timu ya hoteli, timu ya walinzi, timu ya waosha magari. Kila mwaka walianza kucheza msimu wa joto ukiisha na kuacha ukirudi.

Kila kijana aliyevuka ule mstari wa chokaa aliamini kuna mtu anamtazama. Uvumi wa mawakala haukuisha. Ilitosha mwanamume mwenye miwani myeusi na simu kubwa asimame kando ya uwanja, basi watu wazima wenye watoto nyumbani wangeanza kupiga chenga zisizo na kichwa wala miguu. Mara nyingi mwanamume huyo alikuwa akingoja lori lake. Aliyekuwa akiwatazama kwa dhati ni mimi, na sikuwa na klabu ya kumpeleka mtu.

Nilikuwa mlinzi, lady guard kama tulivyoitwa, mwajiriwa wa kampuni iliyotupanga katika nyumba za wafanyakazi palepale Al Qusais. Ili niipate Ijumaa nilibadilishana zamu na Mnepali mmoja ambaye siku hiyo haikumhusu kwa lolote. Asubuhi nilikwenda kanisani na wenzangu Wakenya nisije nikasemwa, kisha nikarudi, nikabadilisha viatu, nikapotea. Wenzangu walienda Deira kuangalia vitu wasivyonunua. Kwangu mimi kutazama watu nisiowajua wakigombea mpira ndiyo yaliyokuwa mapumziko, na sikuona sababu ya kumweleza mtu.

Kwa nini makipa? Kwa sababu sekondari, kule Kakamega, nilisimama golini. Nilikuwa mrefu na sikuweza kukimbia, hivyo mwalimu akaniweka mahali ambapo urefu una faida na uvivu hauonekani haraka. Sikuwa mzuri. Lakini miaka miwili ya kufungwa mabao inamfundisha mtu kuona.

Raha ya kumwona mchezaji kabla dunia haijamwona ni raha ya kujisikia. Sitaificha. Unarudi nyumbani umebeba jambo ambalo wengine hawana, unalala nalo, na siku likithibitika unataka kila mtu akumbuke nani alisema kwanza. Mimi lilinithibitikia mara moja. Kulikuwa na Mkameruni wa pembeni kushoto, mfupi, mguu mmoja umepinda kidogo. Niliwaambia wenzangu chumbani kwamba huyo hatamaliza mwaka pale mchangani. Wakacheka. Miezi michache baadaye akachukuliwa na klabu moja ya Omani, na picha yake akiwa amevaa jezi mpya ikazunguka simu zote za mtaa. Tangu hapo nikawa mtu wa kuulizwa. Nikirudi Ijumaa jioni, hata wanaume wa jengo la pili walikuwa wananisimamisha ngazini. "Siz, leo umeona nani?" Nikaanza kujiona.

Bi Mkubwa nilimpata Al Warqa, mlangoni mwa duka kubwa nililokuwa nalinda kabla kampuni haijanihamisha. Alikuwa mama wa Kizanzibari, wa ukoo uliokaa Dubai tangu kabla ya maghorofa, mjane, magoti mabovu, ulimi mzima. Siku ya kwanza nilimwomba aache mkoba wake kwenye kabati. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, Kiswahili hicho umekiokota wapi, kimejaa vumbi hivyo?"

Nikamwambia Kakamega. Akasema hakujui huko, lakini kama kuna vumbi kiasi hicho basi bila shaka kuna mpira. Ndivyo tulivyoanza. Marehemu mumewe alikuwa beki, na kwa maelezo yake alikuwa akimkanyaga mtu mpaka anasahau jina la mamake. Wanawe hawakupenda mpira, wajukuu walipenda michezo ya kwenye skrini, na yeye alibaki na hamu yake bila mtu wa kuzungumza naye. Aliponisikia nikitaja uwanja wa Al Qusais, Ijumaa iliyofuata alikuja.

Hakushuka garini. Dereva wake aliegesha ile Land Cruiser nyeupe nyuma ya goli la upande wa kaskazini, akateremsha kioo, na Bi Mkubwa akakaa hapo na miwani yake na chupa ya chai ya tangawizi, akitoa hukumu. Mimi nilisimama nje nikiwa nimeegemea mlango. Vijana wa Tanzania walipita mmoja mmoja kumwamkia kabla ya mechi, na yeye aliwaitikia wote. Kisha mpira ukianza akawasema wote. Wale wa Kenya mwanzoni walipita bila salamu. Akawasema zaidi, wakajifunza.

Tulikuwa tunabishana. Yeye alipenda mchezaji mwenye mbwembwe, anayewafanya watu wasimame. Mimi nilipenda mchezaji asiyeonekana mpaka umtafute. Kwa washambuliaji tulipatana mara mojamoja. Kwa makipa hatukupatana kabisa, na ubishi wetu ulikuwa juu ya wawili.

Wa kwanza alikuwa kipa wa timu ya hoteli, Mganda, mpishi wa mikate. Huyo alijirusha kwa kila kitu. Hata mpira ambao mtu angeudaka amesimama, yeye aliufuata hewani. Alikuwa amempelekea fundi cherehani wa Satwa suruali yake ndefu, akashonewa sponji ya godoro nyongani na magotini, kwa hiyo alitembea kama mtu aliyebeba mito. Akianguka vumbi lilipanda, watu wakashangilia, naye akabaki chini kidogo ili washangilie vizuri.

"Huyo ndiye kipa," Bi Mkubwa alisema. "Moyo anao."

"Ana sponji, Mama."

"Na wewe una wivu."

Wa pili alikuwa kipa wa timu ya ghala. Alikuwa kijana wa Mwanza, mpakiaji, mwenye mabega ya mtu anayenyanyua makatoni siku sita kwa wiki. Nilimwona mara ya kwanza wakati wa kupasha misuli moto, na nakumbuka nilichokunywa, nilichovaa, na kwamba nilisahau kumjibu Bi Mkubwa swali alilokuwa ameniuliza. Alikuwa hasogei, halafu alikuwa ameshafika. Kabla mguu wa mpigaji haujaugusa mpira, yeye alikwisha chukua hatua mbili ndogo za pembeni, na mpira ukamkuta kifuani amesimama wima. Krosi aliziondoa hewani kwa mikono miwili kama anashusha mzigo rafuni. Mipira ya chini aliizuia kwa mguu. Katika miezi yote niliyomtazama sikumwona akianguka hata mara moja.

Na mpira ukimshinda, ukaelekea pembeni kabisa ya mlingoti, hakuhangaika. Aliutazama ukipita, uso wake haukubadilika, akaenda kuuchukua nyuma ya goli bila kumfokea beki yeyote. Nilipenda sana uso ule. Nilisema huyu anajua mpira upi ni wake na upi si wake. Nilisema ana akili. Niliyasema hayo ngazini kwetu, niliyasema kanisani, na nilimwambia Bi Mkubwa kila Ijumaa mpaka akachoka.

"Anasimama tu kama askari wa geti," alinijibu. "Labda ndiyo maana unampenda."

Hiyo ilinichoma, kwa kuwa alikuwa akicheka na mimi nilikuwa sijacheka.

Majira yale klabu ndogo za madaraja ya chini zilianza kuruhusiwa kuchukua wachezaji wakaazi, watu wanaoishi nchini kwa viza za kazi nyingine. Habari hiyo ilifika mchangani ikawa imeshavimba. Watu walizungumza kana kwamba kila mpakiaji ana jezi inayomngoja mahali. Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa na habari ya kweli, kwani mume wa binti yake alikuwa na kazi ya ofisini katika klabu moja ya namna hiyo. Mkwe huyo hakupenda kuombwa. Bi Mkubwa hakupenda kuomba. Kwa hiyo jambo lilikaa hivyo hivyo, tukawa tunalitaja na kuliacha.

Kilicholisukuma ni ghala. Ijumaa moja kijana wa Mwanza alikuja kumwamkia Bi Mkubwa kama kawaida, akamaliza salamu, na akabaki amesimama.

"Kuna nini, mwanangu?" Bi Mkubwa akamuuliza.

"Ghala linahamia Jebel Ali, Bi Mkubwa. Wametusomea jana. Kule wana mashine, hawatuhitaji wote. Wengine viza zinafutwa mwisho wa mwezi."

"Na wewe umo?"

"Nimo."

Alisema nyumbani kuna mama na mdogo wake wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza chuo cha ualimu, na kwamba hajawaambia. Hakuomba chochote. Akaenda kuvaa glavu zake, zilizokuwa zimetoboka kidole gumba na kuzibwa kwa utepe wa kufungia makatoni. Siku hiyo alicheza vilevile kama siku nyingine zote, akafungwa bao moja la pembeni ya mlingoti, akalitazama likipita.

Bi Mkubwa alimpigia mkwe wake palepale garini. Alizungumza Kiarabu, kwa hiyo niliambulia maneno machache, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza dawa. Alipokata simu alinitazama.

"Kipa wanamtaka kweli. Kasema nimpelekee mmoja. Mmoja tu, Jumanne alasiri, kocha amwone. Akimpenda, klabu itamhamishia viza."

Mmoja tu. Upande wa pili wa uwanja yule Mganda wa sponji alikuwa amelala chini akishangiliwa.

Bi Mkubwa alimtaka huyo. Alinieleza sababu zake kwa utulivu, bila utani, jambo ambalo si kawaida yake. Kocha ana alasiri moja tu ya kumtazama mtu. Atakayeonekana ndiye atakayechukuliwa, na huyu wa Mwanza haonekani. Nami nikamwambia kocha wa kweli ataona tulichokiona sisi. Sikusema nilichokiona mimi, nilisema sisi. Nikamwambia pia kwamba Mganda ana kazi yake ya mikate na hoteli haihami, lakini huyu ana wiki tatu tu. Nadhani hilo la pili ndilo lililomgeuza. La kwanza hakuliamini.

"Haya," akasema. "Wewe ndo mwenye macho."

Wiki ile kijana alikuja getini kwangu jioni baada ya kazi. Wakati huo nililinda kiwanja cha nyumba za kupanga upande wa Mirdif, chenye bustani katikati na kibao cha lugha tatu kinachokataza kukanyaga nyasi. Filimbi yangu ilikuwa kwa ajili ya nyasi hizo kuliko kwa ajili ya wezi. Watu wa kufyeka walizikanyaga kwa ruhusa, mbwa wa madam mmoja alizikanyaga bila ruhusa, na wengine wote niliwapulizia. Kijana alisimama kwenye lami, nje ya kizuizi, akaniuliza anafaa kujiandaa vipi.

Nilijibu bila kufikiri sana, kwa kuwa nilikuwa na hakika.

"Usibadilishe kitu," nikamwambia. "Cheza kama unavyocheza Ijumaa."

"Kama Ijumaa, dada?"

"Kama Ijumaa. Usije ukaanza sarakasi."

Akashukuru, akaenda zake kushika basi.

Jumanne Bi Mkubwa alitupitia Al Qusais. Kijana alikaa mbele na dereva, glavu mapajani, mpya, alizozawadiwa na timu nzima ya ghala. Sisi tulikaa nyuma. Hakuna aliyezungumza isipokuwa Bi Mkubwa, aliyekuwa akimkosoa dereva kwa kila mzunguko wa barabara. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niliisahau, lakini kwenye ile gari nilikuwa na furaha tele, na sehemu yake kubwa ilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe. Nilishaanza kutunga nitakavyowaambia watu ngazini.

Uwanja wa klabu haukuwa mkubwa. Ulikuwa na jukwaa moja la watazamaji, viti vya plastiki vilivyopauka, na uzio wa waya. Lakini nyasi zilikuwa nyasi. Zilikuwa zimemwagiliwa muda si mrefu na zilitoa harufu ya ubichi. Nilipomwona kijana akivuka mstari na kuzikanyaga, mkono wangu ulikwenda kifuani kutafuta filimbi. Naye alisita. Aliinama, akazigusa kwa kiganja, akanigeukia kidogo, kisha akaenda golini.

Kocha alikuwa Mtunisia mnene mwenye kofia, mtu wa maneno machache. Alianza na krosi. Zilikuja kutoka kulia, zikaja kutoka kushoto, na kijana alizishusha zote, mikono miwili, kimya kimya, kama siku zote. Kocha akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kusema kitu kwa msaidizi wake. Bi Mkubwa, aliyekuwa garini nyuma ya uzio, akamwamuru dereva apige honi. Nilimgeukia nikamwonyesha kidole gumba. Kisha yakaja mashuti ya mbali, ya juu, na hayo pia aliyafikia kwa hatua zake ndogo, akayakuta amesimama. Kocha alisogea karibu na goli ili aone miguu vizuri. Nikajua ameona.

Halafu kocha akachukua mipira mwenyewe, akaipanga kwenye mstari wa eneo la hatari, na akaanza kuipiga chini, pembeni. Haikuwa na nguvu. Ilikuwa mipira ya kujaribia watu, inayotambaa, mmoja kona hii, mwingine kona ile, na kila mmoja mbali kidogo kuliko uliopita. Wa kwanza kijana aliuzuia kwa mguu. Wa pili kwa ncha ya kiatu. Wa tatu ulipita umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mguu wake, akautazama.

"Down," kocha akamwambia, yaani aanguke chini. "Yalla, down."

Akapiga tena. Kijana akashuka goti moja, akanyoosha mkono, mpira ukapita. Uso wake haukubadilika.

"Down! Down!" Kocha akamwonyesha kwa mikono yote miwili, akajilaza hewani kama anayemwonyesha mtoto namna ya kulala. Kijana akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mpira ukaja kushoto. Niliona bega lake likianza kwenda, niliona nyonga ikianza kufuata, halafu mwili mzima ukakataa. Ukajisimamisha wenyewe. Mguu ukatoka, ukachelewa, na yeye akaugeukia mpira na kuutazama ukiingia wavuni kwa uso uleule niliokuwa nimeusifu Ijumaa baada ya Ijumaa.

Ndipo nilipouelewa uso huo. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Pale mchangani hakuna aliyeanguka kama alikuwa na kazi ya kwenda Jumamosi. Changarawe ile ilikuchuna nyonga mpaka nyama, na mtu aliyechunika nyonga hanyanyui katoni, na asiyenyanyua katoni anarudishwa chumbani bila ujira. Mganda aliweza kuanguka kwa kuwa alikuwa na sponji na kazi ya kukanda unga. Wengine wote walisimama. Sote tulilijua hilo kama tunavyojua joto, ndiyo maana hatukulihesabu. Mimi nikalitazama miezi mizima nikaliita akili. Na alikotoka kijana yule, uwanja wa shule ya Mwanza ulikuwa udongo mwekundu wenye mawe. Alikuwa hajawahi kuanguka juu ya nyasi tangu azaliwe.

Nilitaka kumpigia kelele aanguke. Nilishika waya wa uzio na sikupiga kelele, maana siku ile getini nilikuwa nimemwambia asibadilishe kitu, na nilimwona akinitii.

Kocha alipiga michache zaidi, nadhani kwa huruma. Kisha akamfuata, akamshika bega, akampa mkono kumwambia imetosha.

"Khalas, habibi. Shukran."

Msaidizi akamwita mtu mwingine, kijana wa Sudani aliyekuwa ameletwa na mtu mwingine. Kumbe kila mtu aliambiwa vilevile, alete mmoja tu.

Bi Mkubwa alikwisha elewa. Nilipofika garini alikuwa na simu sikioni, anazungumza na mkwe wake, na safari hii hakuwa anameza dawa, alikuwa anaomba kabisa. Mkwe alimjibu kwamba kocha akishasema amesema, labda msimu ujao. Msimu ujao ulikuwa mbali sana kwa mtu ambaye viza yake inakwisha mwisho wa mwezi. Na ikaisha, na kijana akarudi kwao kwa ndege ya usiku pamoja na wenzake sita wa ghala, na nimeambiwa sasa ana pikipiki ya kubebea abiria. Sikuulizwa tena ngazini, au labda niliulizwa na sikujibu.

Bi Mkubwa alikata simu. Nilingoja anichambue, kwa kuwa alikuwa na haki na ulimi anao.

"Hajui kuanguka," alisema tu. "Masikini ya Mungu. Hakuna aliyemfundisha."

"Nilimwambia acheze kama Ijumaa, Mama."

"Nami nilikusikiliza. Ingia garini."

Sikuingia. Nilikuwa na uchungu ambao sikuwa nao hata siku nilipoondoka nyumbani, na sikutaka kukaa kiti cha nyuma nao. Nilirudi kwenye uzio kumngoja kijana. Alikuwa ameshavua glavu na kuzitia mfukoni. Badala ya kuelekea mlangoni, alitembea pembeni ya uwanja mpaka upande wa pili, ambako kulikuwa na goli lisilotumika, limeegemezwa ukutani, lina wavu uliochanika. Nyuma yake Msudani alikuwa anajirusha huku na huku na kocha anapiga makofi.

Kijana aliweka mkoba wake chini. Akasimama katikati ya milingoti, akainamisha magoti, akatazama mbele kana kwamba kuna mtu anakuja na mpira. Akachukua zile hatua zake mbili ndogo. Kisha akajirusha kulia, mwili wote, mikono imenyooka mpaka vidole vikagusa mlingoti, na akatua kwa ubavu juu ya nyasi na kuteleza kidogo. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Kona ile aliifikia na nafasi ikabaki.

Hakunyanyuka mara moja. Alipokaa, aliinua kiwiko akakitazama. Akafunua fulana akatazama nyonga, akaipapasa. Hakukuwa na damu. Akaniona pale kwenye uzio.

"Dada," akaniita, na sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu, "kumbe haiumi."

Nyuma yangu nilimsikia Bi Mkubwa akimwambia dereva azime gari. Kijana akanyanyuka, akarudi katikati ya goli, akainamisha magoti, na akajirusha tena, safari hii kushoto.